INJINI IKIWA CHINI: Gari la Mbio, Historia ya Safari, na Somo Lake kwa Kibaha na Kisarawe



Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, hapana shaka alitegemea kwamba nitaandika juu ya kuanzishwa kwa shule au juu ya walimu wetu wa zamani. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wenzetu wanaoyajua kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua historia ya kitu ambacho wengi hawakitarajii katika kurasa hizi, nacho ni gari dogo la mbio la miaka ya 1970, na swali moja linalomkabili kila mtu anayemiliki gari la namna hiyo: injini yake ikishushwa kwa matengenezo, ni yapi yaboreshwe kabla haijapandishwa tena?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la fundi na wala si la mwanahistoria. Mimi nadhani ni la wote wawili. Injini ya gari kuukuu haishushwi kila mwaka, na pengine hushushwa mara moja tu katika maisha ya mwenye gari. Wakati huo mambo mengi yaliyofichika miaka mingi huwa wazi, na uamuzi unaofanywa hapo ndio utakaoliokoa gari au kulimaliza. Dai langu ni kwamba jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa katika barabara za Afrika Mashariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jibu hilo ni kwamba nguvu za injini huja mwisho, baada ya kila kitu kinachoibeba, kinachoipoza na kinachoisimamisha.

KIBAHA, KISARAWE NA MAGARI

Kabla ya kuingia katika mbio zenyewe, inafaa tukumbushane kwamba wilaya zetu hizi mbili si ngeni katika habari za magari. Shule ya Sekondari Kibaha ilifunguliwa mwaka 1965 ikiwa sehemu ya mradi mkubwa wa nchi za Nordiki, na mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa Serikali ya Tanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wengi tunakumbuka maabara na maktaba. Lakini mtu aliyekaa bwenini alijifunza pia, hata bila kupenda, kutofautisha kwa sikio Scania inayopanda kilima kwenye barabara ya Morogoro na Fiat inayoteremka.

Hapo hapo Kibaha palikuwa na kiwanda cha TAMCO, kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania enzi za mashirika ya umma. Kiwanda hicho hakipo tena kama kilivyokuwa, lakini jina lake limebaki kuwa jina la mahali, na vijana wanaoshuka daladala pale TAMCO huenda hawajui kwamba wanataja kiwanda cha malori. Vile vile Kibaha ndiko kilipo Kituo cha Teknolojia ya Magari cha Nyumbu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980 chini ya Wizara ya Ulinzi, ambako Watanzania walisanifu na kuunda lori lao wenyewe na kuliita Nyumbu. Kwa upande wa Kisarawe, vijana wa Minaki wamekuwa jirani zetu na washindani wetu tangu zamani, na chuo cha maendeleo ya wananchi kilichopo huko ni mmoja wa ndugu wa kile cha Kibaha. Vyuo vya aina hiyo vilianza nchini mwaka 1975 ili kuwapa wananchi ujuzi wa mikono.

Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba kushusha injini ni jambo la Ulaya au la Japani. Hapa kwetu wako wazee waliofanya kazi hiyo maisha yao yote, na baadhi yao bado wanaifanya chini ya miembe.

MBIO ZA SAFARI ZILITUFUNDISHA NINI?

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Katika miaka ya mwanzo magari yaliyoshindana yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa bei yake ya dukani. Kwa maneno mengine, mwalimu, mkulima au mfanyabiashara aliyenunua gari la aina fulani aliweza kuona wazi kama gari hilo linastahimili barabara zetu au halistahimili.

Na barabara hizo hazikuwa na huruma. Mashindano yalifanyika zaidi wakati wa Pasaka, yaani msimu wa masika. Vumbi lilikuwa likigeuka tope kwa saa chache, na mito ilikuwa ikifurika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hii pia yakamaliza 7. Miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari la familia la milango minne ambalo hakuna mtu aliyeliita gari la mbio. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, nao pia katika Peugeot 404.

Hebu wanafunzi wajiulize: kwa nini Peugeot 404 ishinde mara nne mahali ambapo magari yenye nguvu zaidi yalishindwa? Jibu ni kwamba Safari haikuuliza gari lina mbio kiasi gani peke yake. Iliuliza kama redieta itachemka, kama springi zitavunjika, kama sampu ya oili itapasuliwa na jiwe, na kama nyaya za taa zitaungua usiku wa manane ukiwa katikati ya pori. Gari lililojibu maswali hayo yote ndilo lililofika.

Mfano wa upande wa pili ni Porsche 911. Gari hilo lilisifika dunia nzima kwa mbio zake. Katika Safari lilikuwa la pili mwaka 1972, la pili tena mwaka 1974, na la pili kwa mara nyingine mwaka 1978, lakini halikupata kushinda. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwaka 2003 yalipoanza mashindano ya magari ya zamani yaitwayo East African Safari Classic, ambayo mara kadhaa yamepita pia Tanzania, Porsche 911 za zamani zilirudi zikiwa zimefumuliwa na kuimarishwa upya, na ndipo zikashinda. Bjorn Waldegard, aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alishinda Classic ya mwaka 2011 katika Porsche 911 akiwa na mwanawe. Mwaka 2015 akashinda Stig Blomqvist, naye pia katika 911. Gari ni la aina ile ile. Tofauti ilikuwa katika matayarisho.

DATSUN 240Z

Sasa tufike kwenye gari letu. Mwezi wa Oktoba 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza gari la milango miwili lenye boneti ndefu, ambalo kwao liliitwa Fairlady Z na katika nchi za nje likaitwa Datsun 240Z. Injini yake, L24, ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa cc 2,393, ikilishwa na kabureta mbili. Magurudumu yote manne yalikuwa na springi za kujitegemea, breki za mbele zilikuwa za diski na za nyuma za ngoma. Uzito wake ulikuwa kama kilo 1,050 tu.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda Safari kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye katika 240Z. Mwaka 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola na Gunnar Palm katika Ford Escort, nao wakawa watu wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Mwaka huo huo Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na Mehta, mzaliwa wa nchi hiyo, akahamia Kenya. Mwaka 1973 yeye na Lofty Drews walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, ikabidi ushindi uamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Mehta akapewa ushindi. Gari lake lilikuwa Datsun 240Z.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa enzi moja. Kuanzia mwaka 1974 mashindano yalibaki Kenya peke yake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Watoto wa Tanzania hawakuyaona tena yakipita kwao. Lile gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa huko Zama, Japani, katika ghala la makumbusho la Nissan, na bodi yake bado ina makovu ya safari hiyo. Wajapani wangeweza kuligonga na kulipiga rangi likang'aa kama jipya. Waliona kwamba makovu hayo ni sehemu ya historia yake.

KWA NINI MAGARI MENGI YALILALA

Baadhi ya magari ya aina hii yaliingia nchini mwetu pia, yakimilikiwa na watu wachache wenye uwezo. Lakini hali ya uchumi ilibadilika. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaigharimu nchi fedha nyingi. Fedha za kigeni zikawa adimu. Magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Vipuri havikupatikana, na aliyevipata alivilinda kama dhahabu.

Katika hali hiyo mafundi wetu walijifunza kushusha injini kwa sababu nyingine kabisa. Hawakushusha ili waongeze mbio. Walishusha kwa sababu injini ya gari moja ilikuwa imekufa na bodi nzima, na bodi ya gari jingine ilikuwa imekufa na injini nzima. Walichonga bushi kwa mkono, walikata gaskiti kutoka katika mpira wa tairi na karatasi ngumu, na waliunganisha vitu ambavyo waliovitengeneza hawakukusudia vikutane. Ujuzi huo uliwaokoa watu wengi. Lakini pia ulitujengea mazoea ya kuona injini kama kitu cha kutoa na kutia, bila kuuliza kama gari lililobaki lina uwezo wa kuibeba ile mpya. Serikali iliporegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa mwaka 1984, na baadaye magari yaliyotumika Japani yalipofurika miaka ya 1990, mazoea hayo yalibaki.

UBISHI WA NDUGU WAWILI

Nimeandika historia hii kwa sababu ya ubishi uliotokea katika umoja wetu. Ndugu wawili, mmoja alisoma Kibaha na mwingine akasoma Minaki, walirithi kutoka kwa marehemu baba yao Datsun 240Z ya mwaka 1972. Gari hilo lilikuwa limelala Kisarawe kwa miaka mingi katika banda la mabati. Walilivuta hadi Kibaha kwa fundi mmoja mzee, na injini ikashushwa. Fedha waliyokuwa nayo ilitosha kazi moja kubwa tu, na kila mmoja wao alikuwa na kazi yake moyoni.

Kaka mkubwa, yule wa Kibaha, alitaka injini ya zamani iuzwe na itiwe injini ya Toyota ya aina ya 2JZ, yenye cc 2,997. Hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema vipuri vya Toyota vinapatikana Kariakoo na Gerezani siku yoyote, ila vya L24 lazima viagizwe kutoka nje; na kwamba gari lisiloweza kutengenezwa hugeuka pambo. Mdogo wake, yule wa Minaki, alitaka kila kitu kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani, hadi rangi ya nyaya. Naye alikuwa na hoja: gari hilo ndilo kumbukumbu kubwa waliyoachiwa na mzee wao, na ukilitia moyo wa gari jingine, umebakiwa na ngozi tu. Maneno yalikuwa makali kiasi kwamba kwa wiki kadhaa hawakukaa meza moja.

Fundi hakumuunga mkono yeyote. Aliwaomba waje wote wawili, akawapa tochi, akawaambia waangalie mahali injini ilipokuwa. Chini ya kibao cha betri kutu ilikuwa imetoboa bati na kuteremka hadi katika mhimili wa chini wa bodi, upande ule ule unaobeba uzito wa injini na usukani. Hewa ya pwani na miaka ya banda lenye mvuke ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya. Mtu aliyefungua boneti injini ikiwa ndani asingeiona kutu hiyo. Lau wangepandisha 2JZ juu ya mhimili ule, nguvu zake zingeupasua. Na hata wangerudisha L24 ikiwa imeng'arishwa vizuri, wangekuwa wamepamba nyumba yenye msingi mbovu.

Hapo ubishi ulibadilika. Swali la injini ipi likawekwa kando, na swali la gari lina hali gani likachukua nafasi yake.

YALE YANAYOFIKIKA INJINI IKIWA CHINI

Kwa faida ya wengine walio na magari ya zamani, iwe Datsun, Peugeot au Volkswagen, naorodhesha hapa mambo yaliyofanywa, kwa mpangilio ambao fundi aliusimamia.

La kwanza ni bodi na mihimili. Kutu ilikatwa mpaka bati zima, kikachomelewa kipande kipya, na chumba chote cha injini kikasafishwa na kupigwa rangi. Kazi hii injini ikiwa ndani haiwezekani kufanywa sawasawa.

La pili ni breki na usukani. Masta silinda ilibadilishwa, na mabomba ya breki yanayopita nyuma ya injini yakawekwa mapya. Raba ya kiungo cha usukani, ambayo huoza taratibu na kumfanya dereva adhani barabara ndiyo mbovu, ilibadilishwa pia.

La tatu ni kile kinachokaa kati ya injini na giaboksi. Klachi, presha pleti na rilizi beringi vilibadilishwa vyote kwa pamoja, flaiwili ikasawazishwa, na sili ya nyuma ya krankshafti ikawekwa mpya. Sili hiyo bei yake ni ndogo sana, lakini ikivuja baadaye itakulazimu ushushe upya kila kitu. Maunti za injini na giaboksi zilibadilishwa kwa sababu hiyo hiyo.

La nne ni kupoza. Redieta ilifumuliwa ikatiwa kiini kinene zaidi, na mipira yote ya maji ikabadilishwa, pamoja na ile midogo ya hita ambayo kwa joto letu watu huisahau mpaka siku inapopasuka.

La tano ni umeme. Katika gari hili umeme wa taa kubwa hupita wote katika swichi iliyopo kwenye usukani, nayo huchemka na kuungua. Fundi aliongeza rilei ili swichi ibebe umeme mdogo tu. Platini za zamani zilibadilishwa kwa mfumo wa kielektroniki uliofichwa ndani ya distributa ile ile, hivyo kwa nje hakuna kinachoonekana kubadilika.

La sita, na ndilo la mwisho, ni injini yenyewe. Ilifunguliwa, ikapimwa, ikatiwa ringi na beringi mpya. Kwa kuwa silinda hedi ilikuwa imeshuka, viti vya valvu vilibadilishwa vikawekwa vigumu zaidi, maana injini za wakati ule zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa karibu kote Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Fedha ilikwisha hapo. Injini ya Toyota haikununuliwa, na rangi ya nje haikupigwa. Kaka mkubwa alikubali kwa sharti moja, kwamba vipuri vya L24 vitakavyohitajika kwa miaka mitano viagizwe sasa kwa mkupuo mmoja na vihifadhiwe. Mdogo naye akakubali rilei na mfumo wa kielektroniki, ingawa kiwandani havikuwamo. Kila mmoja aliacha kitu, na wamerudi kukaa meza moja.

HESABU KIDOGO KWA WANAFUNZI WA SASA

Wanafunzi wetu wapendao fizikia wanaweza kuthibitisha uamuzi huo kwa kalamu. Ujazo wa injini ni eneo la mduara wa silinda mara mwendo wa pistoni mara idadi ya silinda. L24 ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa milimita 73.7, kwa silinda sita mtapata cc 2,393. Ndugu yake mkubwa, L28, ambayo ilitumika pia katika baadhi ya Nissan Patrol za miaka ya 1980, ina kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 79. Mtapata cc 2,753. Ongezeko ni cc 360, yaani asilimia 15 hivi. Kwa kuwa injini hizi ni za ukoo mmoja, mtu akitaka nguvu zaidi siku za mbele, hiyo ndiyo njia isiyovunja undugu wa gari.

Lakini sasa pigeni hesabu ya pili. Nishati ya gari linalokwenda ni nusu ya uzito mara mwendokasi mara mwendokasi. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini nishati ambayo breki lazima ziimeze imeongezeka kwa asilimia 44. Ndiyo maana fundi aliyesoma hadi darasa la saba aliweka breki katika nafasi ya pili na injini katika nafasi ya sita. Hakuandika kanuni ubaoni, lakini kanuni alikuwa nayo.

WEKA JALADA

Kwa vile mimi ni mtumishi wa serikali, naomba radhi kwa kuongeza jambo moja la kiofisi. Gari la zamani lisilo na kumbukumbu ni kama mtumishi asiye na jalada: hakuna ajuaye aliajiriwa lini wala amefanya nini. Injini ikiwa chini, piga picha kabla ya kugusa chochote. Andika namba ya injini na ya bodi, ukalinganishe na kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda Mamlaka ya Mapato ukarekebishe kadi, la sivyo siku ya kuuza au ya kurithisha utawaachia watoto kesi. Kifaa cha asili kilichotolewa usikitupe. Kifunge, kiandike jina, kiweke. Na kila badiliko lifanywe kwa namna ambayo mtu wa baadaye ataweza kulirudisha nyuma bila kukata bati. Uzuri wa rilei na mfumo wa kielektroniki niliozitaja ni huo: vinatoka kwa bisibisi.

HITIMISHO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mbio za Safari wengi walioshindwa hawakushindwa kwa kukosa nguvu. Walishindwa na ufa mdogo ambao hakuna aliyeuangalia gari lilipokuwa limefunguliwa. Waliofika walikuwa wameuona na kuuziba wakiwa bado karakana. Naamini jambo hilo ni kweli kwa magari, na msomaji ataamua mwenyewe kama ni kweli pia kwa ofisi, kwa shule na kwa nyumba.

Ninalo ombi moja kwa wenzetu wa zamani. Miongoni mwenu wako mliofanya kazi TAMCO, mliopita Nyumbu, au ambao wazazi wenu walikuwa mafundi Kibaha, Kisarawe, Maneromango au Mlandizi katika miaka ile ya uhaba. Andikeni mnayoyakumbuka: mlitumia vifaa gani, mlipata wapi vipuri, gari gani lilistahimili na lipi halikustahimili. Wapeni wanafunzi wa sasa nao kazi ya kuwahoji wazee hao wakati wa likizo, maana idadi yao inapungua kila mwaka. Wajapani wanaweza kutuonyesha gari la mwaka 1971 na makovu yake. Na sisi, katika toleo lijalo, tuweze kuonyesha walau majina ya watu wetu walioyatengeneza magari ya namna hiyo yakaendelea kutembea.